Meno Thelathini ya Azélie

Mdogo wangu Azélie alizaliwa mwaka wa thelathini na tatu katika kijiji chetu cha wavuvi cha Anse-aux-Huards, kwenye pwani ya theluji, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Ungemuuliza mtu yeyote wa pwani ile Azélie ni yupi, asingekwambia ni binti wa Théotime Mallet, wala ni yule mrefu anayeimba misa ya pili. Angekwambia ni yule mwenye meno.

Hamuwezi kuelewa bila kujua sisi wengine tulivyokuwa. Mama yetu alitimiza miaka thelathini akiwa kibogoyo. Meno yake ya kununua ya juu aliyavaa kila siku, na ya chini aliyaweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, akayatoa Jumapili tu kwa sababu yalimchubua. Baba alibakiwa na manne. Katikati ya watu hao Azélie alikula tufaha zima, na mbegu zake. Nyumba yetu ya ghorofa ilikuwa na tundu kwenye sakafu ya juu, usawa wa jiko, la kupandisha joto vyumbani, na tundu hilo lilipandisha na sauti. Nikiwa nimelala juu nilimsikia yuko jikoni anatafuna, kwacha, kwacha, na Baba anacheka kwa furaha kama amechezewa fidla.

Mimi pia nilikuwa na meno, na mengi ninayo hadi leo. Lakini yalikuwa madogo na ya kijivu, na hakuna aliyewahi kuniomba nicheke. Nayasema haya mapema ili msije mkanihurumia huko mbele.

Kwetu, baba mwenye uwezo alimpa binti anayeolewa zawadi moja kubwa. Alimlipia ang'olewe meno yote, mabovu na mazima, kisha akamnunulia mapya ya kwenda nayo kwa mume. Haikuwa adhabu. Ilikuwa heshima, kama mashuka na mito. Mume alipokea mke ambaye mdomo wake hautamtia hasara, na mama mkwe alikuwa wa kwanza kuuliza kama kazi imeshafanyika. Wasichana wenyewe waliringia zawadi hiyo. Daktari wa meno, Gaudreau, alifika mara mbili kwa mwaka, akakaa siku mbili katika jiko la nyuma la mwenye duka. Januari aling'oa, Juni alirudi na meno bandia, na Julai watu wakafunga ndoa.

Livain Duguay alimposa Azélie mwezi wa Oktoba, mwaka wa hamsini na tatu. Livain alikuwa kijana mpole anayefuata upepo, na upepo wenyewe ulikuwa mama yake, Euphrasie, mjane mwenye wakazamwana watatu, wote wenye meno ya dukani yaliyolingana utadhani ni uzio uliopakwa chokaa. Siku ya mahari, maana hata sisi tuna namna yetu ya mahari, Euphrasie alimtazama Azélie akicheka, akauliza Gaudreau atakuja tarehe ngapi.

Azélie alikataa. Alimwendea Baba bandani alipokuwa akinoa msumeno, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao akamwomba amwachie meno yake. Baba alinoa mpaka mwisho wa msumeno ndipo akajibu. Alisema daktari atayatazama. Akiyakuta mazima, Azélie atabaki nayo na zawadi yake itakuwa cherehani. Akiyakuta mabovu, hataki kusikia kilio. Euphrasie naye alikubali, kwa sababu aliamini hakuna meno duniani yatakayompendeza Gaudreau. Basi ikawa hivyo. Miezi mitatu Azélie alikuwa akiyasugua kwa chumvi na majivu asubuhi na jioni, akijiangalia kwenye mgongo wa kijiko.

Na mimi? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sijaposwa na mtu. Tuna desturi nyingine, ya kuchekesha kwa wanaoitazama. Mdogo akiolewa kabla ya mkubwa, yule mkubwa hucheza ngoma siku ya harusi ndani ya hori la nguruwe, amevaa soksi za sufu za rangi mbili, mbele ya wageni wote. Azélie hakuniacha nisahau. Alinifumia zile soksi mwenyewe, moja nyekundu, moja ya manjano, akazitundika juu ya jiko ili nizione kila ninapopika. Jioni alivua viatu akaniigiza nitakavyocheza, mabega yameanguka, mdomo umefumba, na Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, usiwe na wasiwasi," aliniambia mbele ya Livain na kaka zake. "Hori nimeshakuoshea."

Wahenga husema meno ya mbwa hayaumani. Waliosema hivyo hawakutujua mimi na Azélie.

Siku ya Mwaka Mpya kwetu kila mtu hubusiwa. Mimi nilikuwa na kidonda cha homa kwenye mdomo, kile kinachonitokea kila baridi inapokaza, malengelenge madogo yanayopasuka na kuweka gaga. Asubuhi ile tulikuwa tumegombana kwa sababu ya soksi, na Mama akasema hatutakula mpaka tubusiane. Azélie akarudi nyuma. Alisema atanibusu, ila si kwa hicho kidonda changu. Watu wakacheka. Nikamshika masikio yote mawili nikambusu mdomoni, na sikumwachia haraka. Nilitaka kinyaa kimshike. Hakuna zaidi ya hapo nilichotaka siku ile, na nawaomba mniamini, ingawa yanayofuata hayatawarahisishia.

Baada ya siku nane Azélie akashikwa na homa. Siku ya tisa alikataa chai. Siku ya kumi Mama alimfunua mdomo akaita Baba. Ufizi ulikuwa umevimba mpaka umepanda juu ya meno, mwekundu wa kung'aa, unatoka damu ukiugusa kwa kitambaa tu. Ulimi na midomo ilijaa vidonda vidogo vyeupe. Mate yalimtiririka kwa kuwa hakuweza kumeza, na harufu yake ilishuka kwa lile tundu mpaka jikoni. Mama alimsukutua kwa maji ya chumvi, Azélie akapiga ukelele wa mnyama. Hakuweza kusema neno. Akitaka kitu alinyoosha kidole.

Euphrasie alifika kumjulia hali. Alipanda ngazi bila kuvua koti, akaketi kitandani, akauinua mdomo wa Azélie kwa kidole gumba kama anayenunua farasi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akajifuta kidole kwenye shuka.

"Haya ndiyo meno mazima?" alimuuliza Mama.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la supu, na sitasema uongo, nilisikia raha. Ilikuwa raha ndogo, ya moto, hapa chini ya mbavu. Gaudreau alikuwa anafika baada ya siku mbili.

Kesho yake, Jumatano, akaja nesi wa serikali, Corinne, mwanamke mnene wa miaka hamsini aliyezunguka vijiji vyetu kwa gari la theluji la kukokotwa na farasi. Baba alikuwa msituni, Mama alikuwa zizini na ng'ombe anayezaa. Corinne alipanda juu, akakaa na Azélie kama robo saa, kisha akashuka jikoni, akanawa mikono mara mbili na kusimama karibu na jiko akijipasha joto. Alikuwa na haraka, mama mmoja wa kijiji cha pili alikuwa na uchungu. Kwa hiyo alinipa mimi maagizo.

"Mwambie baba yako Azélie asing'olewe hata jino moja," alisema. "Meno yake ni mazima kabisa, nimeyatikisa moja moja. Ufizi ndio unaoumwa. Ni virusi. Vinaingia, mwili unapigana navyo, na mapigano yenyewe ndiyo huo uvimbe na hiyo damu unayoiona. Wiki mbili, utakuwa umenywea wenyewe. Umenisikia? Wiki mbili."

Nikasema nimesikia. Aliponikaribia kuchukua glavu zake alinitazama mdomoni, gaga lilikuwa bado halijadondoka. Akauliza kidonda kile nilikipata lini. Nikasema mwishoni mwa Desemba. Akauliza kama Azélie alitumia kikombe changu au kama nilimbusu. Nikamkabidhi glavu zake. Corinne alikuwa mtu mwema, akasema sikujua, watu wengi hawajui, ila nisimbusu mtu mpaka kikauke. Akaniuliza tena mlangoni kama nitawaambia wazazi. Nikasema nitawaambia.

Nilikusudia kuwaambia. Mama aliporudi kutoka zizini nilikusudia, lakini alikuwa na damu mpaka viwikoni na ndama amekufa. Baba aliporudi nilikusudia tena. Tukaketi mezani. Baba hakula. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anasikitika, lakini mtu haoni vile akasema ni meno mazima, kesho atampeleka na liwalo liwe. Nikafungua mdomo. Juu ya kichwa cha Baba zilining'inia soksi zangu, nyekundu na manjano, zimekauka kwa moshi. Nikazitazama. Nikamwona Azélie akicheka mwezi wa Julai kwa kinywa chake chote, na mimi nimo ndani ya hori. Nikajiambia kwamba Corinne ni nesi tu, Gaudreau ni daktari, naye ataona mwenyewe. Nikala viazi vyangu.

Ilikuwa husuda. Mapadre watatu nimewaungamia na kila mmoja nilimpa neno lingine, woga, usahaulifu, ujinga wa ujana. Ilikuwa husuda, na nilitaka acheke kama sisi wengine, mkono mdomoni.

Alhamisi asubuhi Baba alimbeba Azélie amevingirishwa blanketi mpaka kwa mwenye duka. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, wengine wamefunga mashavu kwa vitambaa. Msaidizi wa Gaudreau alikuwa mgonjwa mwaka ule, na kwa kuwa nilifanya kazi kiwanda cha kambakoche na sikuogopa matumbo wala damu, mimi ndiye niliyepewa beseni. Gaudreau alinuka pombe kali na karafuu. Alimkalisha Azélie kwenye kiti cha jikoni, akamfungua mdomo, akarudi nyuma kwa ile harufu. Hakutumia hata dakika moja.

"Ufizi umeoza wote," alimwambia Baba. "Hakuna la kuokoa hapa."

Baba alivua kofia kama yuko msibani, akatoka nje.

Alimpiga sindano za ganzi, lakini ufizi uliovimba haushiki ganzi, ilitoka pamoja na damu ikamwagika kidevuni. Akaanza na ya juu. Mimi nimeona meno mengi mabovu yakitoka. Huja kirahisi, kama msumari kwenye ubao uliolowa. Ya Azélie hayakuja. La kwanza alilivuta kwa mikono miwili, akalipinda kushoto na kulia, akaweka goti kwenye paja lake, na lilipotoka lilitoa sauti niliyoijua. Ilikuwa ile ile ya tufaha. Gaudreau aliliinua dirishani. Mzizi ulikuwa mrefu, mweupe, safi. Alikunja uso kidogo.

"Ajabu," alisema. "Hili lilikuwa imara."

Akanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. Alikuwa na watu arobaini wanamngoja, na nadhani kama mtu yeyote mle jikoni angesema neno moja angeweka koleo chini na kufurahi kupumzika. Nikamsogezea beseni. Akalitumbukiza, akarudi mdomoni.

Azélie hakuwa akimtazama yeye. Tangu mwanzo alikuwa akinitazama mimi. Macho yake yalikuwa yamefunguka mpaka mwisho na hayakuniacha hata alipopiga kelele, hata alipozimia mara ya kwanza na kuzinduliwa kwa siki. Nilidhani anataka nimshike mkono. Nikamshika. Alinibana vidole mpaka kucha zikaingia, naye akaendelea kunitazama vile vile, mpaka la thelathini.

Beseni nililimwaga kwenye theluji nyuma ya duka. Theluji ilipoyeyuka mwezi wa Aprili watoto waliyakuta na kuyachezea kete. Mke wa mwenye duka alisema hajawahi kuona meno mazuri namna ile yakitupwa, akacheka, na mimi nikacheka.

Harusi ilifanyika Julai. Nilicheza ndani ya hori, nikacheza vizuri, watu walinipigia makofi. Azélie hakucheka. Alikaa meza kuu na meno yake mapya, mkono mdomoni, kwa sababu ya chini yalikuwa yakiruka kila alipofungua kinywa. Vile vidonda na yale majeraha vilikuwa vimepona ovyo, ufizi ukabaki na vinundu huku na mashimo kule, na seti haikukaa hata siku moja. Gaudreau aliikwangua mara tatu. Kisha akafa, na aliyemrithi akasema si kazi yake.

Hayo ndiyo maisha yake, na yaliyobaki ni mafupi kusimulia. Aliacha kwaya, kwa kuwa akiimba alipiga mluzi. Livain, yule mpole, alijifunza kupiga mluzi ule ule akitaka mkate mezani, na watoto wakajifunza kwa baba yao. Alizaa watano. Alikula uji, viazi vya kupondwa na samaki aliyechemshwa mpaka akalegea, miaka na miaka, na hakuna anayenenepa kwa chakula cha namna hiyo. Alikuwa mkali. Aliwasugua watoto wake meno kila jioni mpaka walie, na aliyekutwa na peremende alichapwa kwa upawa. Wakazamwana wake wanamchukia, nao wana haki yao. Livain alikufa mwaka wa themanini na nane, na kwa kuwa hakuna mkazamwana aliyemtaka, Azélie alirudi kwenye nyumba ya Baba nilikokuwa nikiishi peke yangu. Chumba chake akachukua kile kile cha juu. Sikuolewa kamwe.

Tuliishi bila kugombana. Nilimpondea chakula. Aliniita Dada. Nikaanza kuamini kwamba Mungu amesahau, au amechoka.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yalikuja na kitukuu. Mwaka wa elfu mbili na tatu, Mwaka Mpya, mjukuu wa Azélie, Mylène, alikuja na binti yake Océane, wa miaka miwili, mwenye meno madogo meupe ya nyanya yake mkuu. Mimi nilikuwa na kidonda changu cha baridi. Mtoto alinirukia mapajani, akanibusu kabla sijageuza uso. Hilo nalo ni kweli, sikugeuza uso upesi.

Baada ya wiki moja Mylène alipiga simu analia. Mtoto ana homa, hali chakula, ufizi umevimba unatoka damu. Azélie aliangusha simu. Alivaa koti juu ya nguo ya kulalia, akasema hakuna mtu atakayemgusa yule mtoto kwa koleo, na akayarudia maneno hayo njia nzima mpaka zahanati ya mjini. Nilikwenda naye kwa sababu hawezi kupanda ngazi bila mkono wa mtu.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye viatu vya michezo. Alimchungulia Océane kinywani, akampa barafu tamu anyonye, akatugeukia akitabasamu. Alisema tusiogope. Meno hayana shida yoyote. Ni virusi, vile vile vinavyoleta vidonda vya homa mdomoni, na vikimwingia mtu kwa mara ya kwanza ufizi huvimba hivi kwa sababu mwili unapambana. Apewe maji, dawa ya kushusha homa, na avumiliwe. Kisha akauliza kama kuna mtu nyumbani mwenye kidonda mdomoni.

Wote walinitazama mdomo. Mylène alinisema palepale, akaniita mzembe, bibi mzima asiyejijua. Azélie hakunisema. Alikuwa ameegemea meza ya daktari kwa mikono yote miwili.

"Ni muda gani?" aliuliza. "Mpaka upone?"

"Siku kumi, kumi na nne hivi," daktari alisema. "Wiki mbili, Bibi."

"Wiki mbili," alisema Azélie.

Tukarudi nyumbani. Aliketi jikoni bila kuvua koti. Lile tundu la sakafuni bado lipo juu ya jiko, tumeliziba kwa bati, na yeye akaliinulia macho. Mimi nikashika birika ili mikono yangu iwe na kazi.

"Corinne alisimama hapo ulipo," alisema. "Nilimsikia kwa tundu. Alisema wiki mbili."

Birika lilikuwa tupu. Nikaendelea kulishika.

"Nilikuwa na homa," aliendelea. "Nikangoja upande uje kuniambia. Hukupanda. Nikasema basi nimeota, maana ingekuwa kweli dada yangu angekuja. Miaka yote hii nimejua ni homa iliyonidanganya. Hata kwenye kile kiti, Osithe, nilikutazama nikisema sasa atasema. Lilipotoka la kwanza nikasema sasa. La pili nikasema sasa."

"Ulikuwa unanicheka," nilisema. "Zile soksi. Kila siku, Azélie. Mbele ya watu."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka soksi gani.

"Nilikuwa na miaka ishirini," alisema.

Nilifikiri atanifukuza, au atawaambia watoto wake, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Hakufanya moja wala jingine. Aliinuka, akatoa meno yake, juu na chini, akayaweka kwenye glasi katikati ya meza. Mashavu yake yakaanguka ndani. Akaenda stoo akarudi na tufaha, lile gumu la msimu wa baridi, akalipangusa na kulisukuma mpaka mbele yangu.

"Kula," alisema bila meno, na neno lilitoka na mate. "Tafuna, nisikie."

Nikala. Alifumba macho akasikiliza mpaka mbegu.

Ndivyo tunavyoishi sasa, mwaka wa pili huu. Kila siku baada ya chakula cha mchana meno yake huingia kwenye glasi na tufaha huja mbele yangu. Ikiwa matufaha yamekwisha ananipa karoti mbichi. Sijakataa hata siku moja. Ufizi wangu mwenyewe umeanza kulegea, unatoka damu, nyama ya tufaha hubaki na alama nyekundu nikiuma, na yule daktari wa viatu vya michezo amenikataza vitu vigumu. Nimemwambia Azélie. Alisema amesikia.

Wiki iliyopita jino langu la mbele lilibaki ndani ya tufaha. Azélie alisikia sauti imebadilika, akafumbua macho. Alinyoosha mkono, akalichomoa, akalipangusa kwa aproni yake na kuliinua dirishani kuutazama mzizi. Alilitazama muda mrefu. Kisha akaliweka kando ya glasi yake na kulirudisha tufaha kwangu.

"Bado," alisema. "Tafuna."